Mnufaika

Benchi letu limeegemea ukuta ambapo kila mradi hubandika bango lake. Bango la sasa lina bwana mwenye kofia ya manjano, anacheka, na chini wameandika: nishati safi, ajira, uchumi. Mwaka wa pili huu anacheka, na mimi nimeshamchukia. Chini yake hukaa Koleo, fundi wa majenereta tangu ujana. Siku ya mkutano wa mradi wa sola alipewa karatasi, akatia sahihi palipoandikwa “mnufaika”. Akadhani hicho ndicho cheo chake. Wiki ileile akauza sanduku lake la spana, maana jenereta litamfaa nani tena?

Asubuhi hii Dada wa kahawa anamimina, na Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kasuku, anatuelimisha.

— Ajira zilikuja, msibishe. Ila ziliingia kwenye waya pamoja na umeme, zikatupita juu kwa juu.

— Kaka yangu alifuta vumbi kwenye vile vioo vya sola miezi mitatu, akasema Dada. Ikaja mashine yenye brashi, akaambiwa ahsante.

— Ile haifuti vumbi, akasema Profesa. Inalamba jua. Ndiyo maana nguo zangu hazikauki.

— Zako hazifuliwi, nikamwambia.

Koleo akatoa karatasi yake, ameihifadhi kwenye nailoni.

— Lakini mimi nimo. Someni. Mnufaika.

— Koleo, ndugu yangu, nikamwambia, mnufaika si mwajiriwa. Ni mtu ambaye wengine wanasema amefaidi.

— Nimefaidi nini?

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Profesa.

— Zimeshaoza, Profesa, akasema Koleo.

Hapo hakuna aliyecheka. Roho iliniuma, maana ile karatasi nilimsomea mimi, na nikampongeza.

Akatokea mama mmoja amevaa sare ya ulinzi, kiatu kimejaa vumbi.

— Shikamooni wazee. Natoka kwenye mradi. Jenereta la kambi yetu limekufa. Umeme wa vioo wote unakwenda laini kubwa, sisi tuko gizani. Wanataka fundi wa kumwajiri kabisa, ila aje na spana zake, leo hii. Nimeelekezwa hapa. Ni nani kati yenu?

Profesa akatazama kikombe chake. Dada akafunika birika.

Koleo alikuwa anaikunja ile karatasi, taratibu, anairudisha kwenye nailoni.

— Wazee, mama akarudia, fundi ni nani?