Hilo Dogo

Benchi la kona lilikuwa na miguu minne, mitatu mizima na mmoja mfupi, na waliolikalia walikuwa wamelizoea kama mtu anavyomzoea shemeji mkorofi. Sheria ilikuwa moja tu: anayetaka kusimama aseme kwanza "Nanyanyuka", na wenzake wote wainue vikombe vyao, maana bila hivyo benchi lingeinama upande wa barabara na kahawa yote ingeishia chini. Sheria hiyo ilikuwa na miaka saba na ilifuatwa kuliko sheria nyingi za serikali. Saa nane ile ya mchana alifika Mkurugenzi, uso ameukunja, karatasi mkononi. Jina la Mkurugenzi alijipa mwenyewe siku alipofungua mgahawa wake pale nyuma ya benchi, miaka kumi na sita iliyopita. Saa nane ndiyo saa ambayo mgahawa huo ulipaswa kujaa, lakini ndani hamkuwa na mtu ila mpishi, naye alikuwa anasinzia. Ng'ambo ya barabara, kwa Mama Pacha, watu walikuwa wamesimama mlangoni wakingoja viti. Huyo Mama Pacha ndiye aliyekuwa mhudumu wa Mkurugenzi kwa miaka sita. Sasa ana mgahawa wake, na juu ya mlango, kwa rangi ya bluu, ameandika jina linalomkera Mkurugenzi kila akiinua macho: HILO DOGO.

— Leo nimefika mwisho, alisema Mkurugenzi. Leo mtanisainia.

— Kaa kwanza, alisema Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kitu ambacho malori yake hayakuwahi kuwa nacho. Kunywa kahawa, halafu ndiyo ugombane.

— Sikai.

Akakaa. Alipokea kikombe, akaitandaza karatasi juu ya benchi, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

— "Sisi wakazi wa hapa, wenye akili timamu, tunalalamikia mgahawa wa ng'ambo ya barabara kwa kuvuta wateja kwa njia zisizo za kawaida. Tunaiomba ofisi ya mtaa iufunge." Nahitaji majina matatu. Nyie mko watatu. Au hamko?

Watatu walikuwa Breki, Daktari na Fundi. Daktari hakuwahi kumtibu hata kuku. Kazi yake ilikuwa kuuza miwani ya kusomea, ila alikuwa akisoma vile vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, akivisoma mpaka mwisho. Fundi alikuwa seremala, penseli sikioni, nyundo chini ya benchi, mtu wa maneno machache. Leo maneno yake yalikuwa machache zaidi.

— Njia zisizo za kawaida ndiyo zipi? aliuliza Daktari. Ofisini watauliza.

— Wewe unaona ni kawaida? Mtu atoke kwangu hajui hata kushika kalamu ya bosi, afungue hoteli mwaka jana tu, na leo wateja wangu wa miaka kumi wanapita mlangoni kwangu wananisalimia huku wanavuka barabara? Wananisalimia, Daktari. Bora wangenitukana.

Hapo alisema kweli, na kweli hiyo ilimuuma. Mgahawa ule ndio uliosomesha watoto wake wanne, na asubuhi hiyo mkewe alikuwa amemuuliza, bila kumwangalia, kama haingekuwa vizuri wamwambie mpishi atafute kazi kwingine.

— Mimi nimelichunguza hili jambo, alisema Breki, akichokonoa meno. Ni moshi. Yule mama ameligeuza bomba la jikoni likatazama barabara. Akikaanga vitunguu, moshi unakuja mpaka kwenye kona, unamshika mtu puani, unamvuta. Mtu hana kosa. Amevutwa.

— Andika hiyo, alisema Mkurugenzi.

— Moshi ni mambo ya kitoto, alisema Daktari. Ni chumvi. Chumvi yake haigandi. Umewahi kuona wapi kichupa cha chumvi ambacho ukikitikisa mara moja, chumvi inatoka? Kwako, ndugu yangu, bila kuudhika, mtu anagonga kichupa mezani mpaka jirani anadhani kuna ugomvi. Yule ametia punje za mchele ndani ya kichupa. Sasa jiulize, mchele ule umetoka wapi? Una nini? Ukiingia kwenye damu, mshipa wa kumbukumbu unalegea, ulimi unasahau njia ya kwenda hoteli nyingine.

— Andika na hiyo, alisema Mkurugenzi. Kisha akasita. Daktari, umejuaje kwamba chumvi yake haigandi?

Daktari alikunywa kahawa kwa muda mrefu kuliko kikombe kilivyoruhusu.

— Nimesikia.

— Kuna jambo kubwa zaidi, alidakia Breki kumwokoa mwenzake. Yule hayuko peke yake. Ana wataalamu. Nasema wataalamu, watu wa vipimo. Kila Jumatatu kitu kimoja kinabadilika mle ndani. Kimoja tu, ili usishtuke. Jumatatu moja mlango uliokuwa unalia umetiwa mafuta, ukaacha kulia. Jumatatu nyingine, chini ya kila meza pana msumari wa kutundikia mkoba. Mara sabuni ya kunawia imefungwa kamba isipotee. Mara chakula kilichoisha kinafutwa ubaoni, mtu asiagize samaki akaambiwa hakuna, akaagiza maharage akaambiwa hakuna. Wiki iliyopita kibweta cha vijiti vya meno kimewekwa mfuniko. Hayo si mambo ya mhudumu. Huo ni mpango, umepangwa mahali, na watu wenye ramani.

Mkurugenzi hakuwa akitazama mdomo wa Breki tena. Alikuwa akikitazama kile kijiti cha meno.

— Breki, hicho kijiti umekitoa wapi?

Breki akakitema.

— Nilikiokota.

— Umeokota kijiti cha meno ukakitia mdomoni?

— Mimi ni mtu wa barabarani.

Dada wa birika, aliyekuwa akiuza kahawa pale tangu benchi lina miguu minne mizima, alicheka ndani ya kanga yake. Mkurugenzi hakucheka. Hawa ndio watu aliokuwa akiwaita ndugu. Hawa ndio walioapa, mwezi uliopita tu, kwamba mguu wao hautakanyaga ng'ambo ile.

— Kwa hiyo mnakula kule. Mnakula kule, halafu mnakuja kukaa mlangoni kwangu mnanipa pole.

— Siku moja moja, alisema Daktari.

— Nani mwingine? Fundi, na wewe?

Fundi aliishika penseli yake, akaiangalia kana kwamba ina maandishi.

— Mimi sili kule, alisema.

— Angalau mmoja, alisema Mkurugenzi. Angalau mmoja ana haya.

— Mimi nafanya kazi kule, Fundi akamalizia. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hawajafungua. Hao wataalamu wa Breki ni mimi.

Mkurugenzi aligeuza mwili mzima kumwelekea Fundi.

— Wewe?

— Ana daftari. Lile la shule, la mistari. Jumapili jioni anawakusanya wafanyakazi wake wote, hata anayeosha vyombo, anauliza: wiki hii mteja alikunja uso wapi? Si alilalamika wapi, hapana. Alikunja uso wapi. Wanachagua kimoja. Jumatatu mimi naenda napigilia msumari, au nakata ubao, narudi zangu. Wiki ya kwanza kabisa ilikuwa meza ya mlangoni. Ilikuwa inacheza.

— Meza kucheza? Mkurugenzi alitoa kicheko kikavu. Yaani watu wanihame kwa sababu ya meza kucheza? Hata yangu ya mlangoni inacheza, nimeikunjia boksi pale chini, maisha yanaendelea. Hilo dogo. Watu wanafuata chakula, Fundi, hawafuati miguu ya meza.

Fundi na Daktari waliangaliana.

— Nilikwambia kuhusu ile meza yako, alisema Fundi taratibu. Mara nne. Na Mama Pacha alikuwa amesimama palepale na sinia, naye alikwambia kuhusu mlango, na sabuni, na chumvi. Kurasa za mwanzo za lile daftari aliziandika akiwa kwako, bwana. Unakumbuka ulikuwa unamjibu nini?

— Nilimjibu kama bosi anavyojibu.

— Neno lenyewe.

— Nitakumbukaje neno la miaka hiyo? Na msinitoe kwenye mada. Yule mama amenidhihaki mpaka kwenye kibao. Hilo Dogo. Anamaanisha mimi ndiye mdogo, si ndiyo? Na hilo nalo naliandika.

Breki alifungua mdomo, Daktari akamkanyaga mguu. Mkurugenzi aliisukuma karatasi mbele yao na kalamu juu yake, na hasira yake sasa ilikuwa na kitu kingine ndani yake, kitu kilichofanana na kuomba.

— Sainini basi. Kama mmekula kule mmekula, nimesamehe. Lakini mnisainie. Mwezi ujao mtakuta nimefunga, halafu mtakaa mlangoni kwa nani?

Hilo liliwagusa. Walikuwa wanampenda, ndiyo shida. Wakati huo akaja mama mmoja mgeni na begi kubwa, amechoka na safari, akanunua kahawa kwa dada wa birika, akaomba nafasi. Wakasogea. Mama akakaa, akaweka kikombe chake pembeni, juu ya benchi, karibu na ile karatasi.

— Haya, lete, alisema Breki kwa unyonge, akaijaribu kalamu kiganjani. Kalamu yenyewe haiandiki, nina yangu mfuko wa nyuma. Nanyanyuka.

Daktari akainua kikombe. Fundi akainua. Dada wa birika akainua birika. Mkurugenzi akainua chake. Breki akasimama, benchi likainama upande wa barabara, na kikombe cha mgeni, ambaye hakuwa ameambiwa sheria, kikapinduka juu ya barua. Kahawa ikapita juu ya "wenye akili timamu" na juu ya "njia zisizo za kawaida", ikachuruzika hadi kwenye nyundo ya Fundi.

Yule mama akaruka, akaitikisa nguo yake. Hakukasirika. Aliinama, akaushika ule mguu mfupi wa benchi, akaupima kwa vidole viwili.

— Hapa panatakiwa kipande cha ubao tu, alisema. Kwani huku kwenu hakuna fundi?

Aliuliza kwa wema, kama mtu anavyouliza saa. Fundi alitazama nyundo yake iliyolowa. Daktari, kikombe mkono mmoja, alivua miwani kwa mkono wa pili, akaifuta kwenye shati, akaivaa, akaivua tena. Breki, akiwa bado amesimama, aligeuka kutazama barabara aliyoitazama maisha yake yote.

Mkurugenzi aliona ni juu yake, akiwa mwenyeji, kumtuliza mgeni. Akalazimisha tabasamu.

— Usijali, mama yangu, alisema. Hilo do...

Macho yake yalikuwa yameinuka yenyewe, yamevuka barabara, yamefika juu ya mlango wa Mama Pacha, kwenye yale maandishi ya bluu, na kwa mara ya kwanza aliyasikia kwa sauti yake mwenyewe.

Mgeni alikuwa bado anangoja jibu. Na wao wote walikuwa bado wameinua vikombe.