Sindano na Kiti cha Mbele

"Yule mchawi wa ukurasa wa tatu ni wewe!"

"Mimi? Mimi ni yule mrembo wa dirishani. Kasome tena, shoga!"

Wasikilizaji wapendwa, hao ni majirani wawili wakigombea nafasi zao kitabuni, na maiti ya mwandishi ilikuwa bado ndani. Mwandishi alikuwa fundi cherehani, tukimwita Sindano. Amefariki wiki tatu baada ya kuzindua riwaya yake. Wiki tatu tu.

Sindano alikua akimwita mama yake "mama mdogo". Mama yake mzazi, narudia. Alimzaa kabla ya ndoa. Mume alipopatikana, mtoto akageuzwa mpwa. Siri hiyo mtaa mzima tuliijua, tuliinywea chai. Yeye akaiandika, kwenye karatasi za kukatia mitindo, kati ya gauni na gauni.

Siku ya uzinduzi, ukumbi ulifurika. Mama aliwekewa kiti cha mbele. Sindano akashika kipaza sauti: "Kitabu hiki nimemwandikia mama yangu. Kama yumo humu, naomba asimame."

Alitaka hilo tu, wasikilizaji. Asimame.

Sote tulimgeukia mama. Naye akageuka, akatazama viti vya nyuma, kama mtu anayemtafuta huyo mama. Kuna aliyecheka. Wakacheka wengi. Sindano naye akacheka, kisha akamkabidhi mama nakala ya kwanza, aliyoisaini mbele yake: *Kwa mama.*

Binamu yake, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, aliniambia: "Hakutoa hata chozi. Alirudi kushona, akashona mpaka siku ile alipoangukia cherehani."

Tunawapa pole wafiwa: mama mdogo na binamu. Ndivyo walivyotuandikia kwenye tangazo la msiba, nasi tumelisoma hivyohivyo. Lakini tujiulize, mimi nikiwa wa kwanza, maana nilikaa kiti cha pili: nani kati yetu alimgusa bega yule mama, akamwambia, "Simama"?

Baada ya mazishi nilipita kumpa mama mkono wa pole. Nikamkuta mlangoni, macho makavu. Nyuma yake chakula kilikuwa kimeshaandaliwa kwenye ile meza yao yenye mguu mfupi, na chini ya mguu huo kulikuwa na kitabu kipya, jalada limeelekea sakafuni.

"Usisimame mlangoni, mwanangu," akaniambia. "Karibu ndani ule. Meza siku hizi haichezi."