Mama Ukucha Anatuachia Kona

Ijumaa hii, tarehe 28, fundi wetu mkuu wa kubandika stika za magari anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili limo kwenye faili za ofisi. Sisi tunamwita Mama Ukucha, na hata mumewe akipiga simu humuulizia kwa jina hilo.

Alianza na brashi, akiandika majina ya biashara kwenye milango ya malori. Stika za kufunika gari zima zilipoingia, wenzake wa brashi walizisusa. Yeye aliomba vipande vilivyobaki, akaenda kujifunzia kwenye friji ya nyumbani kwake. Friji hiyo ipo hadi leo, ina rangi sita, na haina kiputo cha hewa hata kimoja.

Kazi yake tunaijua. Gari huoshwa, hukaushwa, hufutwa kwa spiriti, kisha hufutwa tena kwa sababu Mama Ukucha hajaridhika. Vitasa na taa hufunguliwa na kuwekwa kando, stika haikatwi kwa wembe kuvizunguka. Stika hupashwa moto kidogo kidogo ifuate mikunjo ya bodi bila kuvutwa. Mwisho hupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila ukingo, macho ameyafumba. Ukucha ukinasa, kona hiyo inarudiwa. Mteja mwenye haraka hupewa kiti na chai, na haraka yake hubaki naye.

Mwoka mikate mmoja hakutaka kusubiri. Alinunua stika, akaibandika mwenyewe juani akisaidiwa na shemeji yake. Wiki ya pili, mikate iliyochorwa ubavuni mwa gari ilikuwa imeumuka kuliko ile ya dukani kwake, na walipoivuta stika ili waitoe, ikaondoka na rangi ya gari. Mama Ukucha alimpokea bila kumcheka (alicheka baadaye, tena sana). Siku mbili nzima aliipasha moto na kuibandua kipande kwa kipande, asiongeze hasara juu ya hasara. Mwoka mikate ni mteja wetu tangu siku hiyo, na shemeji haruhusiwi kuligusa gari.

Linalofuata ameniagiza niliandike, la sivyo haji kwenye sherehe ya kumuaga. Mwezi wa tatu alifunika gari la wagonjwa la zahanati. Akapitisha ukucha, akasema tayari. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona stika kwenye kona ya mlango wa nyuma imeinuka, unene wa uzi tu. Hakuihisi. Sheria ya karakana, aliyoiweka mwenyewe, ni kwamba anayeona kosa hulisema papo hapo, hata liwe la nani. Nilinyamaza. Amenifundisha kazi miaka kumi na minne, nami nilimwonea huruma, nikapanga kuirekebisha kimyakimya akishaondoka.

Nilishindwa. Alipokuwa anavua ovaroli nilimfuata nikamwambia. Aliigusa ile kona, akaigusa tena kwa mkono wa pili. Kisha akaniambia taratibu kwamba vidole vyake vina ganzi tangu mwaka jana, na amekuwa akijiuliza ni nani kati yetu atakayempenda vya kutosha kumwambia ukweli. Tukaibandua, tukairudia pamoja. Kesho yake alileta barua ya kustaafu. Nililia chooni, na karakana nzima ilinisikia.

Mama, asante kwa mikono yako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na chai ya kunywa ikiwa bado ya moto. Usiiguse friji, imependeza.

Siku ya sherehe utalikuta gari la ofisi mlangoni. Tumelifunika wenyewe, bila wewe. Kona moja ya mlango wa nyuma tumeiacha wazi uimalizie mbele yetu sote. Nitasimama nyuma yako na kupitisha ukucha wangu. Ukinasa, nitakwambia.