Mkono Uliopepeta Nyuzi

Ndugu waombolezaji, ni nani kati yenu hajawahi kulisikia gitaa la "Mboni Usinune", lile linalotoka redioni Jumapili mchana, likapanda, likapanda, mpaka aliyeshika kijiko akakiweka chini, kisha mtangazaji akasema bila haya kwamba mpiga solo ni unknown artist? Huyo unknown ndiye aliyelala hapa, ana jina, ana baba, ana kwao, na familia imeona asizikwe kabla jina hilo halijatamkwa.

Mzee Fanueli Noa Shekigenda alizaliwa tarehe 14 Machi 1932, katika kambi ya vibarua wa mkonge karibu na Muheza, mtoto wa pili wa Noa Shekigenda, aliyeshuka kutoka milima ya Usambara kutafuta kibarua, na Yudith, mwanakwaya wa Kilutheri ambaye hata kikohozi chake, wanasema, kilikuwa na noti. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1946, akatolewa, si kwa ujinga, bali kwa sababu shamba lilihitaji mikono kuliko vichwa, na nchi hii hadi leo ina vichwa vyenye digrii vimekaa barazani, full stop, tuendelee.

Kuanzia 1947 alikata mkonge, na kisu cha mkonge hushuka tu, hakijui kupanda, mkono wake nao ukazoea hivyo hivyo. Mwaka 1953 alihamia mjini, mtaa wa Mabawa, akapata kazi kwa Kombo, seremala wa Makorora aliyeunga pia magitaa yaliyovunjika, ambaye alimpa moja lenye tumbo lililozibwa kwa ubao wa sanduku la chai.

Agosti 1954 alikwenda kujaribiwa na Sadalla, kiongozi wa Usagara Nyota Jazz, mbele ya bendi nzima, naye Sadalla hakungoja wimbo uishe, akasema, "Wallahi, Shekigenda, unapiga gitaa au unakata mkonge? Kila noti unaiteremshia kisu! Rudi kambini, bwana, huku watu wanacheza dansi." Bendi ikacheka, na mpiga besi akauliza ni nani atakayeyafunga majani ya mkonge yaliyokatwa.

Mwingine angeliuza gitaa. Yeye alichonga kipande cha pembe ya ng'ombe, akakibana kati ya gumba na kidole cha shahada, akasokomeza kitambaa chini ya nyuzi asiwakere majirani, na kila alasiri akakaa uani na uzi mmoja tu, chini, juu, chini, juu, polepole, kwa kufuata mdundo wa kisigino chake. Chini ilitoka, juu ilikwama, kipande kikanasa, kikaruka, siku moja kikatua kwenye unga wa jirani.

Tarehe 16 Aprili 1955, hapa hapa Tanga, alifunga ndoa na Bertha, binti wa Kibondei asiyemung'unya maneno, ambaye alikuwa akipepeta mchele huku mumewe akikwama, hata akachoka kusikiliza, akamwambia, "Bwana wee, mbona unahangaika na kushuka? Ungo unashuka wenyewe. Kazi iko kwenye kupandisha." Akamtia ungo mikononi. Mchele ukamwagika, kuku wakashukuru, na jirani yao Asmahani akachungulia, "Shemeji, na kutwanga unajua?" Fanueli alicheka nao, wala ungo hakuuweka chini, akapepeta siku baada ya siku mpaka kifundo cha mkono kikajua kuinua, kisha akarudi kwenye uzi, na kila zoezi akalianza kwa kupandisha, juu, chini, juu, chini, uzi mmoja, halafu miwili, halafu kuruka wa katikati, akikosea anarudi mwanzo, taratibu zaidi.

Novemba 1956 alirudi kwa Sadalla, akapiga, safari hii akaachwa amalize.

"Nani kakufundisha?"

"Ungo."

"Huyo Ungo ni wa wapi, Pangani? Mlete na yeye!"

Mwaka 1958 bendi ilirekodi "Mboni Usinune", lebo ya sahani ya santuri ikabeba jina la bendi peke yake, na wapiga gitaa wa pwani wakauiga mkono ule, wakauita pepeta, bila kujua ulitokea ua gani.

Marehemu na Bertha walijaliwa watoto watatu, Ruthi, Noa, na Msafiri aliyetangulia mwaka 1991, na wajukuu tele. Mwaka 2004 kisukari kilimwanza, mkono wa kulia ukafa ganzi, naye akaanza upya, juu, chini, kwenye pindo la shuka, manesi wakidhani anaweweseka. Jumapili iliyopita wimbo ulipigwa wodini, unknown akatajwa tena, Mzee akasema, "Bertha, natamani wangenitaja hata mara moja," na Bibi akaigeukia redio, "Njooni uani kwangu muulize!" Alifariki Jumanne, tarehe 9 Juni 2009, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, majirani wa Mabawa waliolala nasi matangani, mafundi wenzake wa karakana, na wanamuziki wote waliofika. Mzee Fanueli, pumzisha mkono wako kwa amani, kupanda ulishajua.

Na ninyi wakubwa wa redio, mliokaa safu ya mbele, shada lenu tumelipokea, limeandikwa "Kwa msanii wetu", jina hakuna. Jumapili hii, kabla ya wimbo, semeni: Fanueli Noa Shekigenda. Lote. Mkiliona refu, punguzeni tangazo la sabuni.