Moyo Unaotaka Lipu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Wazir Badawi, mzaliwa wa Unguja, mkazi wa Lanham huku ughaibuni, aliyetutoka wiki iliyopita. Na niseme ukweli: huyu bwana nilimshuku miaka miwili mizima.

Ilianza 2006. Jirani yake Jeptoo, nesi, alileta kwenye ukumbi wa jumuiya yetu filamu ya maisha ya mwandishi maarufu wa Kijerumani. Maneno yote Kijerumani, na chini ya picha hakuna maandishi. Tulitaka kuizima. Wazir akasimama, akaanza kututafsiria. Wazir! Hatukuwahi kumsikia hata neno moja la Kijerumani.

Mkewe, Bi Nadra, naye hakuwahi. Miaka thelathini ya ndoa.

"Umejifunza wapi?" alimuuliza garini.

"Kwa mafundi wa Ujerumani Mashariki, walipojenga maghorofa Kikwajuni. Nilikuwa nawabebea zege."

"Na hukuniambia?"

"Ile si lugha, mke wangu. Ile kazi."

Bi Nadra hakuamini. "Hamna fundi hapo," alimwambia Jeptoo. "Pana mwanamke." Nami nilikuwa upande wake, wasikilizaji wapendwa. Mtu hafichi lugha bure! Bi Nadra akapekua masanduku, akatafuta barua, akatafuta picha. Hakupata kitu, akazidi kushuku. Chai alimpa, mazungumzo akamnyima.

Alhamisi, baada ya hitima, binti yao Mwanamwema aliweka kanda aliyorekodi siku ile ya filamu. Alitaka tu kusikia sauti ya baba yake. Ikafika pale mwandishi anapoachwa na mchumba. Wazir anatafsiri: "Anasema moyo umeingia ufa, unataka kupigwa lipu." Mwandishi anaposa tena: "Anasema tumwage zege, tuweke msingi." Mwandishi analia: "Anasema... anavuja." Siku ile ukumbi mzima ulicheka. Tulidhani anatania.

Mwanamwema akasimamisha kanda. "Mama, listen. Hajui hata neno moja la mapenzi kwa Kijerumani. It's all construction, ujenzi mtupu."

Bi Nadra aliniruhusu niyaseme hewani maneno yake: "Angefundishwa na mwanamke, angejua kusema nakupenda. Aliniambia kweli, mimi nikamnunia mpaka anakufa."

Pole sana, Bi Nadra. Pole, Mwanamwema. Wazir, nami niwie radhi. Na wewe uliye njiani kurudi Bowie, kama nyumbani kuna mtu umemnunia na ushahidi huna, ukifika kaa naye, muulize tena, safari hii umsikilize.

Bi Nadra bado anaiweka ile kanda kila siku. Ikifika pale pa lipu, anairudisha nyuma.