Bi Waridi, Mfinyanzi Ambaye Siku Moja Hakuitika

Marehemu Bi Waridi alizaliwa karibu na Lusangi, kwa Wabangubangu, mwanzoni mwa mvua za mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Mwaka 1290 wa Hijria, Waridi akiwa na miaka kama kumi, watu wenye bunduki waliingia kijijini. Mama aliuawa. Waridi na mdogo wake wa kike, Kayumba, wakauzwa kwa misafara miwili tofauti. Jina la Waridi alipewa njiani.

Katika chuo cha Kurani hakuketi. Bibi aliyemmiliki Ujiji, Bi Nuru, alimfundisha Fatiha, na wanawake wa ziwani wakamwonyesha namna ya kupaka mtungi udongo mwekundu na kuusugua kwa kokoto mpaka ung'ae. Walipohamia Kasongo alikuwa fundi tayari. Bi Nuru alimwacha huru kabla ya kufa kwake.

Mwaka 1297 aliolewa na Assumani, mpagazi, mtu wa mzaha. Akiulizwa habari za nyumbani, Assumani alijibu: "Wenzangu wanaoa, wanapata jiko. Miye nilipata jiko, na vyungu, na matope mupaka ku kitanda." Mkewe alicheka kila mara, ingawa maneno aliyajua kwa moyo.

Mama alikuwa amemwachia mwiko mmoja: anayebeba udongo kutoka shimoni haitiki mtu mpaka autue, la sivyo vyungu vitapasuka motoni. Siku ya Jumatano, mwezi wa Mfunguo Tano 1299, Waridi alikuwa akirudi na kikapu kichwani alipopishana na msafara uendao Nyangwe. Mwanamke mmoja mwenye mzigo alimwita: "Yaya! Yaya, ni miye!" Huku kila dada mkubwa ni yaya, hata kwa mpita njia. Waridi alifumba mdomo akaenda zake. Jioni, wakikanda udongo, rafiki yake Faida, aliyekuwa naye njiani, alisema, "Ule mwanamuke alikuwa na kovu ya moto ku mukono wa kushoto, mupaka ku kiwiko." Kovu hilo Kayumba alilipata utotoni, kwenye moto wa vyungu vya mama yao.

Kesho yake yeye na Assumani walishika njia ya Nyangwe. Walichelewa; watu walikwisha kugawanywa. Tangu hapo, kwa miaka kumi na moja, Assumani hakukubali mzigo wa msafara wowote ambao mkewe hakuruhusiwa kuufuata. Nyangwe, Wamaza, Ujiji tena: kila soko Waridi aliketi na wafinyanzi, akauliza habari za mwenye kovu, akajifunza kazi yao. Ndiyo maana mitungi yake ilikuwa na shingo ya Nyangwe, wekundu wa Ujiji na nakshi za kwao Lusangi. Watu waliisifu sana. Yeye sifa hizo hazikumfurahisha.

Mwiko aliuacha. Alimwitika kila mtu kwenye njia ya udongo, hata watoto waliomtania. Na vyungu vyake havikupasuka zaidi ya zamani. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, na lilimtoa machozi mbele ya wanawe.

Assumani aliuawa katika vita vya Kasongo, mwaka 1310. Mjane na wanawe walikimbilia Kabambare, ambako alifinyanga mpaka kifua kilipomshika. Aliugua miezi saba. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Shaabani 1313, adhuhuri, akiwa mikononi mwa bintiye.

Juma lililopita, mwanawe Amisi, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alimsomea majina ya jamaa alivyoyaandika. Alipofika kwa Kayumba, aliyemweka pamoja na waliotangulia, mama alimshika mkono. "Futa pale. Usimutie na wafu. Iko. Iko fasi fulani."

Marehemu ameacha mwana, Amisi, binti, Feza, mjukuu, Alimasi, na mdogo wake, Kayumba. Mungu amjalie utulivu ambao njia haikumpa. Na kama kati yenu mliosimama hapa kaburini yuko mwanamke mwenye kovu hilo, asogee mbele, atie udongo wa kwanza.