Igizo la Bweni na Kiti cha Mratibu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mzee Tahir, Mwenyekiti wa Bodi ya jumuiya yetu ya Tuinuane. Masheikh na walimu wa madrasa. Bwana Haitham, mratibu wetu tunayemuaga leo. Wazazi mliotoka vijiji vya Kanga na Bweni na vumbi lenu. Na ninyi wenzangu tunaomeza dawa za kifafa asubuhi na jioni, ambao hutajwa mwisho ingawa jumuiya hii iliandikishwa kwa ajili yenu: assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni Arafa binti Hemedi, msaidizi wa mratibu. Nimeambiwa niseme maneno machache, matamu, yasiyomkera mtu. Machache nitajitahidi.

Bwana Haitham, kaka yangu, unakwenda Dar es Salaam kwenye shirika kubwa na unatuachia pengo. Nani hapa asiyejua ulivyozunguka misikiti ukiwaomba maimamu wawaambie watu kwamba kifafa ni maradhi ya ubongo, si jini wala si kurogwa? Nani asiyejua kwamba ulikula nasi sinia moja, wakati wapo ndugu zetu wa damu waliotutengea sahani pembeni, eti mate yetu yanaambukiza? Hilo sitolisahau, na Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini nikikusifu kwa hayo tu nitakuwa nimekupunja, maana sijagusa semina ya Bweni.

Wageni wetu, utaratibu wetu vijijini ni huu: Bwana Haitham hushika maikrofoni, na mimi hulala chini nikajifanya nimeanguka kifafa, ili watu waone mgonjwa anavyosaidiwa. Kazi hiyo nimepewa mimi kwa sababu, kama alivyosema Mzee Tahir mwenyewe, nina kipaji. Basi siku ile Bweni, kabla zamu yangu ya kuigiza haijafika, nikaanguka kweli.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wanawake wa Bweni, maana mwenyewe nilikuwapo na sikuwapo. Wanasema Bwana Haitham hakutikisika hata kidogo. Alisogeza benchi nisijigonge. Dada Shadya, mshauri wetu, akakunja kanga akaniwekea chini ya kichwa, kisha nilipotulia akanilaza ubavu. Hakuna aliyenikandamiza, hakuna aliyenitia kitu mdomoni, na maikrofoni ikawa inasema, "Mnaona anavyotetemeka? Huyu ndiye fundi wetu, leo amepania!" Watu wakapiga makofi. Nilipofumbua macho nikauliza niko wapi, Bwana Haitham akawageukia wanakijiji: "Na hiyo ndiyo hatua ya mwisho. Mgonjwa huuliza yuko wapi."

Jamani, sijawahi kuhudumiwa vizuri namna ile tangu nizaliwe! Daktari angekuja angewapa cheti.

Kisha nikafanya kosa. Nikasema, "Bwana Haitham, hii ilikuwa kweli."

Loh! Maikrofoni ikaanguka. Dereva wetu akakimbilia garini, na mpaka leo anashikilia kwamba alikwenda kuliwasha. Dada Shadya, Mungu amhifadhi, akapaza sauti, "Kijiko! Nileteeni kijiko nimtie mdomoni!" Kijiko kile kile alichokipiga marufuku tangu asubuhi. Bwana Haitham akaagiza nimwagiwe maji, nami nimekaa kitako, nimeshazinduka, natafuta kiatu changu. Bibi mmoja wa Bweni ndiye aliyewauliza, "Mbona mnafanya yale mliyotukataza?"

Mnacheka, na mimi nilicheka. Hata nilifurahi, nikajua wenzangu wanaweza. Kinachowashinda ni hofu tu. Lakini Bodi haikucheka. Bodi ilikaa kikao, ikaona nisiende tena vijijini, kwa usalama wangu. Baadaye nisipande boti, kwa usalama wangu. Walipokuja wafadhili, nikae chumba cha ndani nipumzike, ingawa sikuwa nimechoka. Ningekuwa na usalama zaidi ya huo ningekuwa kaburini.

Sasa kiti cha Bwana Haitham ki wazi, na mimi nimekiomba. Nina stashahada ya ustawi wa jamii. Kila alipokwenda warsha, na mratibu wetu anazipenda warsha, kazi zake nilizifanya mimi, na wazazi wa Kanga wananipigia simu mimi. Dawa zangu nameza, na daktari wangu ameniruhusu kazi hii. Bodi haikuniita hata kwenye usaili. Mzee Tahir aliniita pembeni, akanishika mkono kama baba, akasema, "Arafa mwanangu, tunakuonea huruma. Mratibu husimama mbele ya watu. Ukianguka je?"

Shikamoo, Mzee Tahir. Jibu lako ni hili. Nikianguka, nitaanguka, kisha nitainuka nimalizie sentensi yangu. Mbona nilipokuwa naanguka kwa maigizo, kwa faida ya jumuiya, mbele ya umati, hakuna aliyenionea huruma? Niliumia, mzee wangu. Wallahi niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa kuanguka. Huruma sikuiomba. Niliomba kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeambiwa kwamba nikimaliza utasimama kumtangaza mratibu mpya. Jina lake silijui, na namtakia kheri awaye yote. Nina ombi moja. Safu ile ya nyuma wamekaa wazazi wenye watoto wenye kifafa. Mwaka mzima tumewabembeleza wasiwatoe shuleni, tukiwaahidi kwamba mtoto akisoma, kazi ataipata. Ukishalitaja jina, ikiwa si langu, tafadhali wageukie wazazi hao uwaambie, kwa sauti hiyo hiyo ya maikrofoni, sababu ya mimi kukosa.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Karibu, Mheshimiwa, wanakusubiri.